Dogo, kabla hujang'oa bodi

Jana kijana mmoja kaniletea bodi ya oveni (sakiti inayoiongoza) imefungwa kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. "Mkuu, hii imekufa." Nikamuuliza kama amepima sensa, kile kijiti kinachosoma joto ndani ya oveni. Akaangalia viatu vyake. Yaani oveni yenyewe inamwandikia kwenye kioo msimbo wa hitilafu ya sensa, yeye karukia bodi! Huyu ni wa tatu mwezi huu. Nawapenda sana, lakini mnanizeesha.

1. Zima kwenye mein, yaani swichi kuu ya umeme. Kitufe cha oveni hakikati umeme. Sirudii.

2. Jua namba zako. Sensa nyingi za oveni zenye kioo cha namba ni za platinamu, PT1000: omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,000 kwenye nyuzi 0, na kila nyuzi ikipanda zinaongezeka karibu omu 4. Kwa joto letu la Dar, nyuzi 30, utasoma kama 1,117. Kwenye 180, kama 1,685. Mita ikionyesha OL, imekatika. Ikionyesha omu chache, imegusana. Una shaka? Chovya ncha yake (ncha tu!) kwenye maji ya barafu, isome 1,000, kisha kwenye maji yanayochemka, isome 1,385. Ukiwa Nairobi usitafute 1,385, maana kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Utatupa sensa nzima ukilaumu spea. Zipo pia PT500, namba zake ni nusu, na zipo NTC, ambazo omu zinashuka zikipata moto. Soma iliyoandikwa kwanza.

3. Anza kupima upande wa bodi, waya ikiwemo. Hapa ndipo nililipia ada yangu ya ufundi.

Mwaka 2014 niliitwa Sinza kwa mama mmoja anayeoka keki za sherehe. Keki zinaiva pembeni, katikati mbichi. Amesetia 180, kipimajoto nilichotundika ndani kinasema 140. Nikachomoa sensa, nikaishika mkononi kama daktari, nikapima: 1,115. Nzima kabisa! Basi nikajikohoza, nikasema, "Mama, ni bodi."

Akaniuliza, "Una uhakika, fundi?"

Swali hilo mpaka leo linanijia nikiwa naoga. Nilimjibu nina uhakika. Bodi shilingi 280,000, ya kuagiza, ikachukua siku tisa. Siku zote hizo alikuwa anaoka kwa jirani, anapanda bajaji amekumbatia bakuli la mchanganyiko kama mtoto mchanga. Bodi ilipofika nikaifunga, nikawasha, taa zikawaka, nikahesabu hela yangu nikaondoka. Sikungoja hata oveni ipate moto. Nilikuwa na kazi nyingine Mwenge, na pia, niseme ukweli, nilikuwa na njaa.

Ijumaa saa nne usiku simu ikalia. Ghorofa la chini la keki ya harusi, alipolikata juu kulisawazisha, ndani ni uji. Harusi ni kesho yake.

Nilikwenda kwa bodaboda nikiwa na mita mfukoni na aibu kifuani. Safari hii niliacha oveni ipate moto nusu saa, nikazima mein, nikapima kwenye soketi ya bodi: 1,680. Nikaenda nyuma, nikapima miguu ya sensa yenyewe: 1,530. Hizo omu 150 zimetoka wapi? Kwenye soketi ndogo ya nyuma, iliyobabuka ikawa rangi ya kahawa. Ikiwa baridi pini zinagusa vizuri. Ikipata moto zinalegea. Omu 150 ni kama nyuzi 40. Bodi ya zamani, maskini, ilikuwa inaamini inachoambiwa: inaona 180 imefika, inazima koili.

Soketi ya kauri nilikuwa nayo kwenye begi. Bei yake haizidi sahani ya chipsi kuku. Tulikaa mpaka alfajiri, yeye anachanganya, mimi namshikia bakuli. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alinimiminia chai, akasema, "Kunywa, fundi, usilale." Hela yake niliirudisha kwa awamu tatu.

4. Waya wa sensa usiunge kwa tepu. Tepu inayeyuka, na risasi ya kawaida ya kulehemu inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Tumia kiungio cha kauri.

5. Namba mbili zikitofautiana kama zile zangu, ugonjwa uko katikati. Tikisa waya huku unaangalia mita.

6. Usifiche hitilafu kwa kuongeza nyuzi kwenye menyu. Na usiseme oveni inadanganya kwa kusoma mara moja: joto hupanda na kushuka kuzunguka namba iliyosetiwa, kwa hiyo soma mizunguko mitatu minne. Angalia pia kama mteja hajafunika sensa kwa foili. Nimeikuta, tena kwa mwalimu wa fizikia.

Na wewe wa jana: bodi yako nimeipima, haina tatizo. Skrubu mbili za sensa umezisahau mezani kwangu, ziko kwenye kifuniko cha chupa. Njoo uzichukue, na uje na hiyo waya.