Tailizi juu ya tailizi, inawezekana?

SWALI: Fundi habari, sebuleni kwangu kuna tailizi za zamani, fundi mmoja anataka azibandue zote, mwingine anasema tupige mpya juu yake. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Chukua sarafu ugonge moja moja, inayolia kama debe tupu imeshaachia, ing'oe uzibe na simenti. Zikilia hivyo nyingi, bandua zote tu. Zilizoshika zioshe mafuta yatoke, zikwaruze na grainda mpaka ule mng'ao uishe halafu tumia gundi ya tailizi, sio simenti na maji, maana ile haishiki kwenye utelezi. Sakafu itapanda kama sentimita 1.5 hivi kwahiyo mlango utakatwa chini, na mafundi wengi hilo hawasemi mpaka mlango ugome.