Sumaku haishiki kitu, kisu kimepata pengo: maswali ya mbao kuukuu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa mafundi wanaochangia mashine kwenye karakana moja hapa Kigoma, na wengi wanafanyia kazi mbao zilizotoka kwenye boti, mapaa na paleti. Nimeyafupisha.

Nilinunua mbao za boti kuukuu pale Kibirizi. Nikapitisha sumaku kote kutafuta misumari, haikushika kitu. Kwenye randa ya umeme kisu kikapata mapengo. Sumaku yangu mbovu? (Fundi, Gungu)

Sumaku inaweza kuwa nzima kabisa. Yenyewe hushika chuma tu. Shaba, risasi na alumini haiviti, na hata skrubu nyingi za chuma kisichoshika kutu inazipita. Halafu mvuto wake hupungua haraka mno kwa umbali. Sumaku ya spika kuukuu itakuonyesha msumari ulio karibu na uso, lakini kipande kilichobaki katikati ya ubao wa inchi mbili hutakisikia. Kwa hiyo pitia pande zote nne na vichwa viwili, na uining'inize kwa uzi. Mvuto mdogo ambao mkono hauusikii, kwenye uzi utauona sumaku ikienda upande.

Ila kwa mbao za boti mimi ningeanza kushuku mchanga. Boti limeburutwa ufukweni miaka, changarawe imejaa kwenye nyufa na kwenye pamba iliyozibia maungio, na changarawe inaharibu kisu vilevile. Ng'oa pamba yote kwa ncha ya bisibisi, sugua kwa brashi ya waya, kisha ndipo upime. Baada ya hapo inamisha ubao upate mwanga wa ubavuni. Ukiona doa jeusi, au la bluu iliyokolea, limerefuka kufuata nyuzi za mti, hapo kuna chuma au kiliwahi kuwapo: kutu, maji na tanini (kemikali ya asili iliyomo kwenye mti) vikikutana hutoa rangi hiyo. Boti hupigiliwa kwa mistari, kila ubao unapokutana na mbavu za ndani za boti. Ukihesabu matundu matano yamepangana sawasawa na la sita halionekani, chimba hapo.

Kuna kijana hapa anapima mbao kwa simu. Ni masihara? (Mama fundi, Ujiji)

Si masihara, mama. Simu yenye dira ina kihisi cha sumaku, na zipo programu zinazoonyesha namba zake. Hapa Kigoma, pasipo chuma karibu, namba hukaa mikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 30 na kitu. Ukipita juu ya msumari inaruka. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi hicho, na zilizo nacho hazioni shaba. Ubao uwe juu ya vigoda vya mbao, maana meza ya chuma itakudanganya. Mkichanga kidogo, nunueni kile kijiti ambacho walinzi hupapasia watu mlangoni. Kinalia kwa metali za kila aina, ingawa kwa kina cha sentimita chache. Vua pete kwanza. Wapo waliochimba ubao mzima wakitafuta pete yao wenyewe.

Msumari umekatikia ndani. Nautoaje bila kuharibu ubao?

Geuza ubao kwanza. Misumari ya boti mara nyingi hukunjwa ncha upande wa pili: inyooshe, kisha isukume irudi ilikoingilia. Ikishindikana, chukua patasi kuukuu uchimbe pande mbili za msumari kwa kufuata nyuzi, mpaka koleo lipate pa kushika. Uzungushe kabla ya kuvuta ili kutu iachie. Vaa miwani. Ukitoka, utazame ncha. Kama hauna ncha, kazi bado.

Aliyevunja meno ya msumeno anasema ubao aliukuta umeshakaguliwa. Nani alipe? (Mweka hazina wa karakana, Mwanga)

Aliyewasha mashine. Najua wengine watanuna. Lakini ukaguzi ni wa ubao jinsi ulivyokuwa wakati ule. Ukishaupasua umefungua uso mpya ambao hakuna aliyeupima. Wekeni chaki: herufi za jina na tarehe, kwenye vichwa vyote viwili. Kichwa chenye chaki kikikatwa, ubao umerudi kuwa haujakaguliwa. Ikiwa chaki ipo, ya siku hiyohiyo, na ubao haujaguswa tangu hapo, basi wagawane nusu kwa nusu yeye na mwenye herufi.

Jambo ambalo hukuuliza ni zito zaidi. Meno ya msumeno ya karbaidi, ile metali ngumu, yakikatika huruka, na anayeumia anaweza kuwa jirani anayepiga msasa. Tena anayekuja nyuma huendelea na kisu kibovu bila kujua. Mwambieni akiona mstari mwembamba ulioinuka kwenye kila ubao anaouranda, azime na kuita wenzake. Wekeni pia msumeno mmoja kuukuu kwa ajili ya mbao kuukuu pekee.

Kuna mtu anauza mataruma ya mbao ya reli, bei nzuri. Tuchukue?

Hapana. Bila karatasi za shirika la reli mnaweza kushtakiwa pamoja naye, na ile dawa nyeusi iliyopakwa humo haifai kitanda wala meza.

Tumekata mwembe wa zamani uani. Haujawahi kuwa boti wala nyumba, nao tuupime? (Msomaji, Tabora)

Tena huo kwa makini. Mti wa uani umefungwa kamba za kuanikia, umepigiliwa seng'enge na vibao, kisha ukanenepa na kuvifunika. Kwa nje utaona gome tu. Bahati nzuri mti hauinui msumari: unabaki kimo kilekile ulipopigiliwa. Kwa hiyo pima sana gogo la chini, mpaka pale mtu mwenye ngazi angefika. Juu ya hapo hofu ni ndogo, labda kama kuliwahi kutundikwa mzinga wa nyuki kwa waya, na kwa Tabora hilo waulizeni wazee wa nyumba kabla hamjaita mwenye mashine.