Mama aliyeshukwa na kizazi: mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga

Dada yangu, umeuliza kama mama yako wa miaka 68, mkazi wa Ngamiani hapo Tanga, ambaye kizazi chake kimeshuka kidogo, anaweza kusaidiwa na mazoezi badala ya upasuaji. Anaweza, maadamu kizazi hakijatoka nje. Mazoezi hupunguza ule uzito wa chini na mkojo unaochuruzika, ingawa hayakirudishi kizazi kilichokwisha kutoka.

Alale chali huku amekunja magoti, kisha akaze misuli kana kwamba anazuia mkojo na upepo wa tumboni (ushuzi) kwa pamoja, akiivuta ndani na juu, bila kuzuia pumzi wala kubana matako. Hapa ndipo wengi hukosea: husukuma chini kama wanaojifungua, jambo linalozidisha tatizo. Ahesabu hadi 5, alegeze kwa muda uleule, na kadiri anavyopata nguvu afike 10. Arudie mara 10, mara 3 kwa siku. Asifanye mazoezi hayo akiwa anakojoa. Nafuu huchukua takriban miezi 3, kwa hiyo nakuomba umtie moyo asikate tamaa mapema.

Ndoo ya lita 20 asiinyanyue tena, na akiwa na choo kigumu atibiwe. Akitaka kukohoa, akaze kwanza.

Najua mama zetu huona haya kulisema jambo hili, lakini mpeleke Hospitali ya Bombo apimwe kabla ya kuanza, kwani zipo pia pete za kuwekwa ukeni zinazoshikilia kizazi. Akitoka damu au akishindwa kukojoa, msisubiri hata siku moja.