Umepewa zamu ya kuadhini? Anza na saa

Usianze na sauti. Mimi nilianza nayo. Nilipokabidhiwa kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwetu Morogoro, wiki nzima nilijirekodi kwenye simu, nikipima "Hayya alas-swalah" niivute wapi niiachie wapi. Habari ya wakati sikuihangaikia; nyuma ya mlango kulikuwa na kalenda ya nyakati za swala, nikaona yatosha.

Kumbe kalenda ile ni ya Dar es Salaam. Morogoro iko magharibi yake, jua letu huchelewa kuzama kwa dakika kama sita. Ramadhani ikaingia, siku ya mawingu, nikaadhini Magharibi kwa saa ya Dar. Mtaa mzima ukatia tende mdomoni. Mzee mmoja akaja mbio kanzu mkononi: "Mwanangu, zile sita umeongeza?" Aliyenitangulia alikuwa akiziongeza kichwani miaka yote, hakuandika popote. Baada ya Isha nikatangaza kwa kipaza sauti kilekile kwamba waliofuturu kwa adhana yangu wailipe siku hiyo. Sauti niliyoinoa wiki nzima haikutoka.

Madina, Bilal, mwadhini wa Mtume (s.a.w.), aliadhini usiku ungalipo, na Mtume akawaambia watu waendelee kula na kunywa mpaka aadhini mwadhini wake mwingine, Ibn Ummi Maktum. Huyu alikuwa kipofu. Hakuadhini mpaka aambiwe kumepambazuka. Mimi mwenye macho mawili sikumuuliza mtu.

Kwa hiyo uliza: kalenda ni ya mji gani, saa ya ukutani nani huirekebisha, umeme ukikatika unafanyaje.

Sauti ifuate, na hapo tafuta ustadhi akusikilize, si rafiki wa kukusifu. "Akbar" ba yake ni fupi. Ukisema "akbaar" umeleta neno jingine kabisa. Ukivuta mwanzo, "Aallahu", tamko limegeuka swali. Alfajiri usisahau "As-swalatu khayrun minan-nawm", yaani swala ni bora kuliko usingizi, mara mbili. Usingizi ukiwa kwako mwenyewe ndiyo huwa ya kwanza kupotea. Ukimaliza, zima kipaza sauti. Mtaa wetu umewahi kunisikia nikigombana na paka.

Siku hizi kalenda mpya ikiletwa, kabla haijatundikwa naiandika juu kwa wino mwekundu: ONGEZA 6.