Alikuwa anasoma ukurasa ambao hajaufungua: niliyojifunza kwa mtoto mwenye disleksia

Walimu wenzangu, na nyie wazazi ambao kila jioni mnagombana na mtoto juu ya daftari, hii ni yenu, kuhusu disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma unaompata hata mtoto mwenye akili nzuri. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilipewa darasa la pili, watoto 94, madawati hayatoshi wengine wanakaa chini, na humo ndani kulikuwa na kijana mmoja ntamuita Dogo. Dogo alikuwa ananakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, hesabu za kichwa anapata kabla sijamaliza kuuliza, ukimtuma dukani vitu vinne anarudi na vyote na chenji kamili, na akisimama kusoma kitabu anashusha ukurasa mzima bila kukwama. Mi nikawa nampa tiki tu. Sasa siku moja kurasa za kitabu zilikuwa zimegandana kwa uji, akafungua kumbe yuko ukurasa wa 14, ila mdomoni anatoa maneno ya ukurasa wa 12, kwa sauti kubwa, na kidole kinatembea kwenye mistari kama kawaida. Darasa likaangua kicheko. Nikaona ananifanyia mzaha, nikamchapa. Hakulia, aliangalia chini tu.

Kumbe alikuwa anakariri. Anasubiri wenzake wawili watatu wasome, anashika yote kichwani, alafu zamu yake ikifika anayatoa. Hebu fikiria hiyo ni akili kiasi gani, na mi nilikuwa namuita mvivu.

Jioni nikambakisha, nikamuandikia maneno kwenye karatasi tupu isiyo na picha. "Nyumba" akasoma nyu... nyu... nyuba. "Ng'ombe" akahangaika nayo mpaka jasho. Nikaweka simu nihesabu, maneno 7 kwa dakika. Lengo la darasa la pili kwetu ni maneno 50.

Nikaanza kusoma usiku kwa bando langu, na cha kwanza kilichonishika ni cha zamani kabisa. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu kijana wa miaka 14 anayeitwa Percy, mwerevu, hesabu anaweza, lakini jina lake mwenyewe anaandika "Precy" na haoni kosa. Mwalimu wake alisema kama masomo yangekuwa ya mdomo tupu yule kijana angekuwa anaongoza shule nzima. Nikaweka simu chini. Huyo si ndo Dogo wangu? Zaidi ya miaka mia imepita na bado mi nashika fimbo.

Jina la jumla la shida kama hizi, yaani ulemavu wa kujifunza, lilianza kusambaa baada ya mwanasaikolojia wa Kimarekani Samuel Kirk kulitumia mwaka 1963 mbele ya wazazi kule Chicago, na ndani yake disleksia, huo ugumu wa kusoma, ndo inayoonekana zaidi. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 5 mpaka 10 katika kila 100. Piga hesabu kwa darasa langu la 94 uone ni wangapi nilikuwa nawaita vilaza.

Sasa hapa ndo penyewe, na nataka walimu wa Kiswahili mnisikilize vizuri. Mambo mengi utakayokuta mtandaoni kuhusu disleksia yametoka kwa watoto wanaosoma Kiingereza, na Kiingereza ni lugha ya vituko, herufi moja sauti tano. Sisi tunaandika tunavyotamka, ba ni ba leo na kesho. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi mwishowe anapatia, ila anapatia kwa shida na polepole mno, mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ameshausahau. Watafiti waliochunguza watoto wanaosoma Kijerumani waliona hivyo hivyo, na lugha hiyo nayo tahajia yake ni nyoofu kuliko Kiingereza, kwamba kasi ndo inayomuumbua mtoto kuliko makosa. Ukikaa kusubiri aandike b badala ya d ndo umshtukie utachelewa, na hizo b na d watoto wengi tu wanaoanza wanazichanganya alafu zinaisha zenyewe. Pima kasi. Simu, dakika moja, basi.

Alafu mpe maneno ya uongo. Hii ndo silaha yangu. Neno kama "lumiba" au "zefo" au "ng'opela" hawezi kuwa amelikariri popote, analazimika kulisoma kweli. Ukiona msomaji wako hodari anaganda kwenye "zefo", ujue kuna kitu.

Na usidhani kwa kuwa Kiswahili ni chepesi basi kuandika ni mteremko. Watafiti Alcock na Ngorosho walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu makosa ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, na ujumbe wao ni kwamba lugha inayoandikwa inavyotamkwa nayo ina kazi yake. Angalieni madaftari yenu, ile mb, nd, nyw, ng na ng', hapo ndo wangu wote walikuwa wanaanguka. Dogo kila m na n iliyotangulia konsonanti nyingine alikuwa anaimeza.

Nilichofanya. Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, dakika 15, watoto watano chini ya mwembe, na vizibo vya soda nilivyookota kwa mama muuza genge. Kila kizibo ni sauti moja. Natamka "nyumba", wao wanasogeza vizibo: ny, u, mb, a. Vinne. Alafu nasema toa mb weka nd, inakuwa nini? Nyunda! Wanacheka, na wakati wanacheka kazi inafanyika, maana tatizo la hawa watoto kwa sehemu kubwa liko kwenye kuzitenganisha sauti ndani ya neno, na macho hayahusiki sana kama watu wanavyodhani. (Ila mpeleke akapimwe macho na masikio kwanza, usiruke hiyo, nilikuwa na binti tulimdhania hivyo hivyo kumbe sikio moja halisikii.) Tukimaliza vizibo tunaandika maneno yenye sauti ile ile, alafu kifungu kifupi cha mistari minne, tunakirudia mara tatu nne huku nahesabu muda. Kurudia kifungu kile kile sikukibuni mimi, mtafiti Samuels aliiandikia njia hiyo mwaka 1979, na kufundisha sauti kwa mpangilio, moja baada ya nyingine bila kubahatisha, ndo jambo ambalo jopo la kitaifa la kusoma la Marekani lilikuta mwaka 2000 kwamba linawasaidia watoto kusoma.

Wiki sita za kwanza hamna kitu. Nasema ukweli, nilitaka kuacha.

Kilichoshindwa kabisa ni kumuandikisha neno mara hamsini. Anaandika nyuba mara hamsini, amejifunza nyuba.

Kingine, kuna semina moja nilihudhuria mwezeshaji akatugawia karatasi eti tuwapange watoto kuna wa kuona, wa kusikia na wa kushika, kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Niliiamini mpaka nikapanga madawati. Mwaka 2008 mtafiti Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa hiyo nadharia wakakuta haujitoshelezi. Mtoto asiyeweza kusoma ukimwambia wewe ni wa kusikia, si ndo umemfungia mlango kabisa.

Nyumbani nilienda Jumamosi. Anaishi na bibi yake. Nikamsalimia, "Shikamoo bibi," akanikaribisha mkekani, nikamueleza pole pole, na yeye hakushangaa hata kidogo. "Mwalimu, huyu kamfuata mjomba wake. Yule naye shule ilimshinda, akachapwa mpaka akatoroka, lakini mletee injini ya pikipiki." Ukisoma tafiti utakuta ndo hivyo hivyo, kwamba hili jambo linatembea kwenye ukoo. Kule Jyväskylä, Finland, kuanzia miaka ya 1990 walifuatilia watoto karibu 200 tangu wachanga, nusu yao wazazi wana disleksia, na dalili zilionekana mapema, mfano mtoto wa chekechea anayechelewa sana kushika majina ya herufi. Kwa hiyo mwalimu, muulize mzazi bila kumtia aibu, "kwenu kuna aliyesumbuka na kusoma?" Swali moja tu hilo. Kama bibi angeulizwa Dogo akiwa chekechea tungeokoa miaka miwili. Bibi nilimuomba kitu kimoja, jioni asimsomeshe kwa ukali, amsikilize dakika kumi na akikwama amtajie neno waendelee. Bibi mwenyewe hajui kusoma vizuri, akaniuliza atajuaje kama mtoto kakosea, tukacheka, tukakubaliana dada wa jirani wa darasa la sita awe anakaa nao.

Mwisho wa mwaka Dogo alifika maneno 31 kwa dakika. Sio 50. Kuna waliosema arudie darasa, nikakataa, maana kurudishwa kufundishwa kile kile kwa njia ile ile ni kumuongezea mwaka wa aibu. Ninachokiogopa ni Kiingereza cha form one. Mtafiti Seymour na wenzake mwaka 2003 walilinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya wakaona misingi ya kusoma Kiingereza inachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa lugha nyingi zenye tahajia nyoofu, na hao ni wenye lugha yao wenyewe!

Alipopanda la tatu nilimkabidhi mwalimu mpya daftari dogo lenye kila kitu, kasi yake ya kila wiki, sauti anazomeza, vizibo nikaviweka kwenye mfuko wa rambo. Wiki iliyopita nimepita dirishani pale nikaona mfuko uko juu ya kabati, bado umefungwa lile fundo langu. Kesho saa nne wakati wa chai nakwenda kumuomba anipe Dogo hizo dakika 15 za asubuhi, na wengine wanne akiwa nao.