Mtindi umekataa kuganda: kinga ya bakteria iko wapi?

SWALI: Kimea ninachotumia ni mtindi wa jana, wiki hadi wiki. Sasa maziwa yanachachuka kidogo kisha yanakwama. Saa 8 zikipita bado ni majimaji. Naambiwa kuna virusi vinavyoua bakteria wa mtindi. Kwani bakteria hao hawana kinga?

JIBU: Wanayo, tena si moja. Virusi hivyo, yaani faji, hunasa kwanza kwenye ukuta wa bakteria ndipo viingize DNA, yaani maelekezo ya urithi yanayoandikwa kwa herufi za kemikali A, T, G na C. Bakteria akibadili sukari za ukutani, faji haipati pa kushika. DNA ikipenya, kuna vimeng'enya vya kuikata: mfano EcoRI, kimeng'enya cha bakteria wa utumbo E. coli, hukata kila penye herufi GAATTC. DNA ya mwenyewe husalimika kwa sababu hapo imebandikwa alama ya kemikali iitwayo methili. Ila faji moja ikiponyoka na kubandikwa alama hiyo kwa bahati, watoto wake hupita kama wenyeji.

Kinga ya tatu, CRISPR, ilithibitishwa mwaka 2007 na watafiti wa kampuni ya Danisco kwa bakteria huyuhuyu wa mtindi, Streptococcus thermophilus. Bakteria walionusurika faji walikuwa wamechomeka kipande cha DNA ya faji, herufi 30 hivi, ndani ya DNA yao. Nakala yake ya RNA (molekuli ya jamii ya DNA) huongoza kimeng'enya kiitwacho Cas kuikata DNA ya faji ileile ikirudi. Faji ikibadili hata herufi moja ya sehemu hiyo, yaweza kupenya tena.

Lakini wanaonusurika ni wachache mno. Watazaliana, ndiyo, ila si kwa saa ulizonazo; wewe unahitaji mabilioni wafanye kazi leo.

Kwanza hakikisha kosa si la maziwa: gawa maziwa yaleyale mara mbili, weka kimea chako huku na kimea kipya cha aina nyingine kule. Vyote vikigoma, shuku mabaki ya dawa ya kuua bakteria katika maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kiwele. Kipya kikiganda, kimea chako ndicho kibovu, na faji ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kitupe chote. Osha vyombo kwa sabuni hadi mafuta yaishe, maana uchafu wa maziwa humaliza nguvu ya klorini, kisha viloweke dakika 10 katika mililita 20 za klorini ya asilimia 3.5 kwa lita 1 ya maji (aluminiamu italiwa), suuza kwa maji yaliyochemka. Chemsha maziwa nyuzi 90 kwa dakika 5, yapoe hadi 43. Badilisha vimea viwili kwa zamu; paketi za majina tofauti zaweza kubeba bakteria walewale, kwa hiyo muulize muuzaji.