Uliza kipuri kiliagizwa lini: waranti ya pikipiki kwa mgeni wa Kisumu

Nilinunua pikipiki mpya ya cc 150 hapa Kisumu miezi mitatu baada ya kuhamia kutoka Mwanza, kwa kuwa kazi yangu ni kuwatembelea wakulima wa mpunga wa Ahero, na matatu hukuacha barabara kuu, mbali na majaruba. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja au kilomita 12,000, lolote litakalotangulia. Ilipofika kilomita 5,300 ilianza kuishiwa umeme: asubuhi stata inagoma, napiga kiki, na nikikaribia Ahero taa ya mbele imeshafifia. Niliipeleka kwa wakala aliyeniuzia siku ya Jumatatu, nikaambiwa nipite Ijumaa. Niliichukua baada ya siku 47. Naandika kwa ajili ya wageni wenzangu wanaonunua pikipiki upande huu wa ziwa, kwa sababu naamini siku nyingi kati ya hizo zingeweza kuokolewa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tawi lililokuuzia pikipiki silo linaloamua. Kwa wakala wangu, utaratibu ulikuwa hivi: fundi anafungua kadi ya kazi, anapiga picha kifaa kilichoharibika pamoja na namba ya chesisi na kilomita za dashibodi, ofisi inazituma kwa msambazaji Nairobi, msambazaji anakubali au anakataa, na akikubali ndipo kipuri kinapotafutwa na kupakiwa kwenye gari la vifurushi. Wakati huohuo, mteja anayelipa taslimu kwa kubadilishiwa oili anaingia na kutoka siku hiyohiyo, na fundi, ambaye ni mtu mwenye familia ya kulisha, humshughulikia huyo kwanza. Simlaumu. Lakini maana yake ni kwamba pikipiki ya waranti isiyo na mtu wa kuifuatilia hurudi nyuma kila siku.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiuliza swali lisilofaa: "Itakuwa tayari lini?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja, kesho, na anayekujibu hadanganyi kwa makusudi, kwa kuwa hana anachokijua zaidi ya kutumaini. Siku ya 22 nilibadilisha swali, nikauliza kipuri kiliagizwa tarehe ngapi na kwa namba gani ya oda. Dada wa mapokezi alifungua kompyuta, akanyamaza, akamwita meneja. Ilibainika kwamba hakukuwa na oda yoyote. Picha ya namba ya chesisi ilikuwa na ukungu, Nairobi walikuwa wameirudisha wakiomba nyingine, na ujumbe huo ulikuwa umekaa kwenye baruapepe siku 16 bila mtu kuufungua. Picha mpya ilipigwa mbele yangu kwa dakika mbili.

Tangu hapo nimeshika utaratibu ambao ningependa kila mtu aufuate kuanzia siku ya kwanza. Usiondoke bila nakala ya kadi ya kazi, au walau picha yake, yenye tarehe, kilomita na maelezo ya tatizo kwa maneno yako mwenyewe. Hakikisha fundi ameliona tatizo ukiwa bado umesimama pale, kwa kuwa hitilafu inayokuja na kuondoka ni rahisi sana kuandikiwa "haikuonekana". Piga picha dashibodi na kiwango cha mafuta. Kisha kila Jumanne na Ijumaa andika ujumbe mfupi kwa meneja, siyo kwa fundi, ukitaja namba ya kadi na kuuliza hatua moja tu: ombi limetumwa, limekubaliwa, au kipuri kimesafirishwa.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu lugha, hasa kwa Watanzania. Sisi tumezoea kuanza na samahani, kuomba radhi kwa usumbufu na kumalizia kwa "basi, nitapita tena". Kisumu wanaupenda Kiswahili hicho, na pale kwa wakala walinikaribisha kwa jina la "Tanzania", wakaniletea kiti na chai. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye busara, ndiye aliyenieleza hali halisi tulipokuwa kivulini nje ya karakana: "Ndugu yangu, wewe huongea polepole sana. Wenye kelele ndio hushughulikiwa." Sikuanza kupiga kelele, kwa kuwa sioni fahari ya kumfokea kijana aliyeajiriwa. Nilichofanya ni kuuhamishia uzito kwenye maandishi, nikabaki na upole wangu mdomoni. Ujumbe wenye tarehe tatu zilizoahidiwa na kupita, zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, una nguvu kuliko sauti ya juu.

Kikwazo kikubwa kilifuata. Nilikuwa nimefungiwa soketi ya kuchajia simu na fundi wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, na msambazaji alipoiona kwenye picha alisema waranti ya mfumo wa umeme imebatilika. Vijitabu vingi vya waranti huwa na kifungu cha namna hiyo, kama vinavyoondoa vitu vinavyolika kwa matumizi, mfano brekipedi, sahani za klachi na balbu, na vingine huiondoa kabisa pikipiki inayobeba abiria kwa malipo. Kisome kifungu hicho kabla hujafunga taa ya ziada au alamu. Nilichoomba mimi ni vipimo. Soketi iliondolewa kabisa, betri iliyochajiwa ikawekwa, na fundi akapima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa mita ilisoma volti 12.6, na huo ni usomaji wa betri nzima. Injini ilipozungushwa kwa kasi ya wastani ingepaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, yetu ilishuka hadi 12.2. Kisha akachomoa plagi ya nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye koili ya kuchajia, akapima waya kwa waya. Jozi moja ilisoma vizuri na mbili zilikuwa chini sana, wakati zote tatu hupaswa kulingana. Alipofungua kava ya pembeni, sehemu ya koili ilikuwa nyeusi, varnishi imeungua na kutoa harufu kama ya plastiki iliyochomwa. Soketi ya simu hutumia umeme kidogo mno kuweza kuunguza koili namna ile. Tulipiga picha mita pamoja na koili, tukazituma, na ombi likakubaliwa baada ya siku nne.

Iwapo vipimo navyo vitapuuzwa, mgeni asidhani kwamba hana pa kwenda. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa watumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaostahili, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro; ibara hiyo inamtaja mtumiaji, haimtaji raia. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambayo hupaswa kuamuliwa ndani ya siku 60 na ambako unaweza kufika bila wakili. Mimi sikufika huko. Niliitaja mahakama hiyo mara moja tu katika barua, kwa heshima, na jibu lilikuja siku hiyohiyo.

Kwa mgeni kuna hatari nyingine ambayo mwenyeji hana, nayo ni kibali cha kuishi. Cha kwangu kilikuwa kimebakiza miezi miwili, na waranti hii isingenifuata ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Tanzania: niliwauliza wauzaji wa chapa hiyohiyo Mwanza, wakanijibu kwamba msambazaji wao ni mwingine na hawahusiki na pikipiki iliyouzwa Kenya. Kwa hiyo mwandikie meneja tarehe ambayo kibali chako kinakwisha, na umwachie kwa maandishi jina la mtu unayemwamini anayeweza kuichukua pikipiki iwapo utalazimika kuvuka mpaka kabla haijakamilika.

Siku ya 47 nilifika kabla karakana haijafunguliwa. Niliomba nionyeshwe koili ya zamani, nikaomba mita iletwe kabla sijasaini chochote. Injini ikizunguka na taa ikiwa imewashwa, ilisoma 14.1. Nilikuwa na ombi moja zaidi, kwamba siku zile 47 zisihesabiwe katika mwaka wa waranti. Meneja alifikiri kidogo, akachukua kijitabu changu, akaandika kwa kalamu tarehe mpya ya mwisho, akasaini na kugonga muhuri juu ya mwandiko wake.